Meno Sitini kwa Kilima cha Mama

Mpendwa Wekesa, ndugu yangu wa tumbo moja,

Nakuandikia hadharani kwa sababu sina pa kuipeleka barua hii. Anaweza kuisoma yeyote: muuza mbolea wa Ndalu, mzee anayengoja kunyolewa Kimilili, mtu ambaye hajawahi kusikia jina langu wala lako. Sijali. Labda mmoja wao amewahi kukuona. Labda mmoja wao ni wewe.

Gari lako liliwaka Jumapili iliyopita. Nasema lile dogo la chini, lisilo na paa wala milango, ambalo wenyewe waliolileta nchini huliita gokati na Mama akaliita kiti cha moto. Lilikuwa limekaa chini ya turubai tangu ulipopanda mlimani kutengeneza mashine ya kusagia ya watu, usirudi. Nataka kukueleza ni nani aliyeliwasha na lilimbeba nani, lakini unanijua. "Wewe yaya," ulikuwa ukiniambia, kwa neno letu la kuitana sisi ndugu, "mtu akikuomba kikombe cha maji, unaanzia kwa mawingu." Basi nivumilie, nianzie kwa mawingu.

Gari lilitoka Kitale. Nilikuwa nikifundisha fizikia huko, mwanzoni mwa miaka hii ya elfu mbili, na mzazi mmoja aliyesimamia shamba kubwa nje ya mji akanionyesha ghala lililokuwa likibomolewa. Wenye shamba wa zamani walikuwa wameondoka. Humo ndani, kati ya magunia yaliyooza na plau zenye kutu, palikuwa na fremu ya gokati ambayo watoto wao waliiendesha kwenye kiwanja cha nyasi zilikotua ndege ndogo. Magurudumu yalikuwapo, cheni ilikuwapo, hata klachi yake ilikuwapo, imefungwa kwenye gunia lenye grisi. Injini haikuwapo. Msimamizi aliniambia nichukue tu, panya wenyewe wamelichoka. Niliwaza kuwaonyesha wanafunzi. Nilipokutajia kwa simu ulikuwa umeshaamua kabla sijamaliza.

"Lete kwangu Kanduyi. Niko na injini ya pampu ya maji hapa, inalala bure."

"Wekesa, hiki ni kifaa cha kufundishia."

"Ndio, si nitakufundisha."

Sikujua wakati ule kwamba ulikuwa unafikiria magoti ya Mama. Nyumba yake iko bondeni karibu na chemchemi, kanisa liko juu kabisa ya kilima, na kati yake kuna ile barabara ya udongo mwekundu ambayo mimi na wewe tuliipanda utotoni viatu vikiwa mkononi. Magoti yalikuwa yamemkatalia. Kwa muda mrefu alikuwa akisali mlangoni pake. Sauti za kwaya ziliteremka na upepo, naye aliimba sauti ya pili peke yake, akichelewa kidogo, kama mtu anayejibu barua. Bodaboda wa baiskeli alimpakia mara moja, akashuka kusukuma katikati ya njia, na Mama akasema hatapanda tena kitu kinachomtoa mtoto wa mwenzake jasho kama ng'ombe wa plau. Pikipiki zilikuwa zimeanza kuonekana huku kwetu, lakini hizo alizikataa kabisa. Mjane wa mwinjilisti, alisema, hapandi kitu kwa kutanua miguu.

Ukaifunga ile injini ya pampu. Ukachukua kiti cha jikoni, ukakikata miguu, ukakichomelea pembeni mwa kiti cha dereva. Pale Kanduyi, kwenye tambarare, gari lilikimbia hadi kuku wakahama barabara, na mafundi wote wa upande ule wakaacha kazi kuja kutazama. Ulinipigia simu ukicheka. Ulisema Mama atafika kanisani kabla ya mchungaji.

Hapa niruhusu niwaeleze wasomaji wengine jambo ambalo wewe unalijua kwa vidole. Gari lile halina kanyagio la klachi. Klachi yake ni bakuli la chuma lililokaa kwenye shafti ya injini, na ndani ya bakuli mna viatu vidogo vilivyozuiwa na springi. Injini ikizunguka polepole, springi huvibana viatu ndani, bakuli halisogei, na gari husimama huku injini ikinguruma. Injini ikiongeza mwendo, viatu hutupwa nje, kama marinda ya msichana anayejizungusha, vikagusa ukuta wa bakuli na kulivuta. Vikishika sawasawa, viatu na bakuli huzunguka kama kitu kimoja, hakuna kinachosugua. Vikiachia kabisa, pia hakuna kinachosugua. Lakini kati ya kuachia na kushika kuna mahali pa katikati, ambapo viatu vinagusa bila kushika. Hapo ndipo penye moto.

Jumapili ile ya kwanza Mama alivaa kitambaa chake cheupe cha Umoja wa Akina Mama, akakaa kwenye kiti chake kama mke wa chifu. Wewe ulikuwa kwenye usukani. Mimi nilitembea nyuma nikiwa na jiwe mkononi, la kutegea gurudumu kama gari lingerudi nyuma. Tulianza vizuri karibu na chemchemi. Tulipofika pale kilima kinapoanza kuwa kilima kweli, kwenye kona ya mkuyu uliokatwa, injini ikaanza kunung'unika kwa sauti nzito, gari likapunguza mwendo, likasimama likitetemeka, na moshi wa buluu ukapanda kati ya magoti ya Mama. Na ile harufu! Harufu ya kwato zilizotupwa motoni. Niliweka jiwe.

"Wekesa," Mama alisema bila kugeuka. "Niliomba kupelekwa kanisani. Sikuomba kuchomwa kama mahindi."

"Mayi, ni klachi tu."

"Hiyo klachi haijaokoka."

Wanawake wa kwaya walikuwa wakipita na majoho yao kwenye mikono. "Mama mwinjilisti!" mmoja akapaza sauti. "Shuka twende na miguu, hiyo gari inaelekea chini, si juu!" Wakacheka hadi wakashikana mabega. Mama alicheka nao, lakini tulipomrudisha nyumbani alikaa mlangoni na kitambaa chake kichwani mpaka ibada ikaisha huko juu. Uliona. Ulifungua klachi hapohapo uani, ikiwa bado ya moto, ukajichoma vidole.

Baada ya hapo ulipigana na ile klachi kwa wiki nyingi. Uliviwekea viatu vitambaa vipya, ulivyovikata kutoka breki za lori. Vikaungua. Uliweka springi ngumu, vikachelewa kushika na vikaungua. Uliweka springi laini, vikashika mapema mno na injini ikazimika. Kila mara bakuli lilitoka limebadilika rangi, buluu na zambarau kama shingo ya njiwa. Nilikuja Kanduyi Jumamosi moja nikakukuta umeketi kwenye ringi ya gurudumu, umelipakata bakuli hilo.

"Hii klachi ni mbovu, yaya. Ilizeekea huko Kitale."

"Klachi ipi? Umebadilisha kila kilichomo. Ile ya Kitale haipo tena."

Ulinitazama, kisha ukacheka kwa uchovu. "Haya, mwalimu. Leta mawingu."

Nikakuambia klachi si mgonjwa. Klachi ni yule mtu anayelia ndani ya nyumba, na sisi tunampa dawa yeye badala ya kuuliza kinachomliza. Nikakuomba uhesabu meno. Mbele, kwenye klachi, kumi na mawili. Nyuma, kwenye ile sahani ya gurudumu ambayo mafundi huiita sproketi, thelathini na sita. Maana yake injini huzunguka mara tatu gurudumu linapozunguka mara moja. Kwenye kiwanja cha ndege ni sawa: gurudumu linakimbia, injini inakimbia nalo, viatu vinashika. Kilimani gurudumu linakwenda polepole, na injini, kwa kuwa imefungwa nalo kwa hesabu hiyo, inalazimishwa kwenda polepole pia. Haifiki kamwe kwenye mwendo ambao viatu hushika. Vinabaki pale katikati, vinasugua, vinaungua. Hata klachi ya dhahabu ingeungua.

Uliniacha niseme mpaka mwisho. Kisha ukanyoosha kidole barabarani, alikokuwa akipita mwendesha baiskeli na magunia mawili ya mahindi.

"Yule jamaa ameweka gia kubwa nyuma. Miguu inazunguka sana, baiskeli inaenda kama kinyonga, lakini hashuki kusukuma. Si ndio hiyo unasema?"

"Ndiyo hiyo."

"Sasa mawingu yote yale ya nini, bana?"

Hakuna duka la Bungoma lililokuwa na sproketi ya ukubwa tulioutaka, kwa hiyo uliamua kuikata mwenyewe kutoka diski ya plau. Tulikubaliana meno sitini, ili injini izunguke mara tano kwa kila mzunguko wa gurudumu. Tungezidisha, sahani ingekwangua barabara. Nilipiga hesabu ya upana wa duara usiku nyumbani kwangu, nikakuletea. Wewe hukuiamini sana. Ulitandaza cheni yenyewe kuzunguka chuma, ukapiga alama kwa msumari katika kila tundu, na mwisho wa duara likabaki pengo la nusu jino. Nusu jino! Ulinitazama kana kwamba nimeliiba mimi. Kumbe mimi nilikupa duara linalopita katikati ya pini za cheni, nawe ulikuwa umelifanya ukingo wa nje. Tukacheka, tukatafuta diski nyingine. Ulisaga kwa tupa kila jino kwa mkono wako, ukihesabu kwa sauti, na kila ulipopoteza hesabu ulirudi kwenye moja na kunilaumu kwamba nimepumua.

Jumapili tuliyorudi, Mama hakuvaa kitambaa. Alikibeba kwenye mkoba. "Nitakivaa nikifika," alisema.

Tulipita chemchemi. Tulifika kwenye kona ya mkuyu uliokatwa. Injini ikapandisha sauti, nyembamba na ya juu kama kigelegele, nami nikainama tayari na jiwe langu. Kisha nikahisi, hata kwa mbali, viatu vikishika. Hapakuwa na moshi. Gari lilikwenda mwendo wa mzee anayetembea. Najua, kwa sababu nilikuwa nyuma yake na sikuhitaji kukimbia.

"Imeshika, yaya!" ulipiga kelele. "Imeshika! Tupa jiwe!"

"Usitupe," Mama akasema.

Nililibeba jiwe hilo mpaka mlango wa kanisa. Tangu siku hiyo lilisafiri nasi kila Jumapili, na kila Jumapili ulisema nitupe na Mama akasema nisitupe, mpaka ikawa kama sehemu ya liturujia. Mama aliimba sauti ya pili akiwa katikati ya wenzake, bila kuchelewa.

Kisha zikaja siku za vurugu mlimani. Watu walikuwa wakishuka na magodoro kichwani, nawe ukapanda na sanduku lako la spana, kwa sababu mashine ya kusagia ya kijiji kimoja ilikuwa imekufa na watu wanachemsha mahindi mazima. Mama alikuambia usiende. Ulimwambia, "Mayi, hao watoto wanakula punje kama kuku." Alipoona umeshafunga sanduku alikupa viazi vitamu ndani ya karatasi, vingali moto. Ulivihamisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine ukishuka kuelekea barabara kuu. Hiyo ndiyo picha ya mwisho aliyo nayo, nami naijua kwa kusimuliwa tu: mgongo wako, na viazi vinavyoruka mkononi.

Tuliuliza kila mahali panapoulizwa. Tuliuliza na pengine ambapo watu walitushauri kwa upole tusiulize. Waliokuona ukifika kijijini walisema mashine iliwaka, walisaga, ukanawa mikono, ukaanza kushuka. Kati ya hapo na barabara hakuna aliyekuona.

Kila Jumapili Mama alinitaka nipige nambari yako. Yule mwanamke wa simu alisema mteja hapatikani kwa sasa. Mama alimpenda. "Amesema kwa sasa," aliniambia. "Hajasema hayupo." Kisha mwaka huu, Jumapili moja baada ya mvua, simu iliita. Mama akaninyang'anya.

"Haro? Wekesa?"

"Niaje. Nani?" Ilikuwa sauti ya kijana.

"Ni mama yako."

"Mathe, umekosea namba. Hii laini nimenunua juzi tu hapa Kitale."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Si ndio mimi mwenyewe, mathe."

Alinirudishia simu. Hakuniambia nipige tena, Jumapili ile wala nyingine.

Na kuna ile harufu. Gari lilikuwa kwenye stoo ya Mama, chini ya turubai, halijawashwa tangu uondoke. Lakini kiangazi, alasiri, hutoka humo harufu ya klachi iliyoungua. Mara ya kwanza Mama alinyanyuka kwenye kigoda chake akasema, "Wekesa amerudi, amelitesa tena lile gari." Nilimweleza. Nilimwambia bati likipata joto, vumbi la vitambaa vya breki lililokaa kwenye bakuli hutoa harufu, na kwamba pua hukumbuka kuliko kichwa. Nilieleza vizuri sana. Lakini bati lina joto mchana kutwa, Wekesa, na harufu huja saa ileile uliyokuwa ukifika Jumamosi kutoka Kanduyi. Mama aliacha kunisikiliza. Ikija, aliweka kikombe cha pili mezani, akamimina chai, akaingoja ipoe.

Wazee wa ukoo walikuja kusema tuzike mgomba badala yako, kama inavyofanywa kwa mtu ambaye mwili wake haukupatikana, ili roho yako itulie na sisi tunyoe nywele tumalize. Mama aliwasikiliza wote kwa adabu, akawaongezea chai. Kisha akasema, "Mgomba haujawahi kuniita Mayi. Sitaulilia."

Nilimwelewa. Nilielewa pia kitu kingine, siku hiyo nikiwatazama wazee wakivaa kofia zao kuondoka. Hatukuwa tumekushika na hatukuwa tumekuachia. Tulikuwa pale katikati, nyumba nzima, tunasugua. Mama alikonda, mimi nikaacha kulala, na watu walituletea dawa ya hili na lile kana kwamba sisi ndio wabovu.

Sasa nimefika kwenye kikombe cha maji ulichoniomba.

Nasimiyu, binti yangu, yule uliyemfundisha kuendesha baiskeli, amejifungua mtoto wa kiume. Alikuja kwa Mama kulelewa uzazi. Mtoto analia. Halii kama watoto. Analia kama mtu aliyefungiwa nje ya mlango. Hospitalini Bungoma walimpima wakasema ni mzima. Unajua nyumba yetu inafanya nini mtoto akilia hivyo. Dada yake baba yetu, Senge, aliitwa. Alimpakata mtoto, akaanza kuwaita waliokufa mmoja mmoja, kwa utaratibu, kama desturi inavyotaka: kama ni wewe fulani, umefika, nyamaza unyonye. Alimwita babu. Mtoto akalia. Alimwita baba. Akalia. Aliwaita wote tunaowajua na wengine ambao nilikuwa siwajui. Mwishowe akamweka mtoto mapajani, akamtazama Mama.

"Wifi, limebaki moja."

"Hilo si la kuitwa. Mtoto haitwi jina la mtu aliye safarini."

"Safari gani haina hata salamu?"

"Kunywa chai yako."

"Nimekunywa. Nakuuliza safari gani."

"Wifi," Mama alisema polepole, "ukilitaja jina hilo juu ya mtoto huyu, umemuua mwanangu kwa mdomo wako."

Senge alimrudishia Nasimiyu mtoto akilia vilevile, bila kulitaja. Kwa sababu hiyo ndiyo sheria, nawe unaijua: jina haliombi mwili mpya mpaka mwenyewe awe ameuacha wa zamani. Kukuita ni kukuzika. Kutokuita ni kumwacha mtoto mlangoni.

Alianza kukataa kunyonya. Jumamosi alasiri Mama alinijia nikiwa nimekaa uani. Alikuwa amevaa kitambaa chake cheupe, siku isiyo yake.

"Kesho nipeleke juu," alisema. "Mimi na mtoto."

"Nitatafuta gari Kimilili, Mayi."

"Gari liko."

Niliondoa turubai. Nilisafisha kabureta, nikaweka petroli mpya, nikakaza cheni. Nilifungua klachi kwa spana zangu mbovu, kwa sababu nzuri uliondoka nazo. Nakuambia nilichokiona, na sijamwambia mtu mwingine mpaka hapa. Vitambaa vya viatu vilikuwa vizima, vimelala kama ulivyoviacha. Bakuli, lile jipya ulilofunga pamoja na ile sproketi, lilikuwa jeupe, baridi, safi, halina hata doa la buluu. Hapakuwa na kitu chochote mle ndani kilichoungua wala chenye harufu. Niliinamisha pua nikanusa mara nyingi. Mimi niliyeeleza bati na vumbi, sina sasa la kueleza.

Jumapili asubuhi Mama alikaa kwenye kiti chake, mtoto amefungwa kifuani kwa leso. Mimi nilishika usukani, Nasimiyu akatembea nyuma. Alilikuta jiwe kizingitini pa stoo, akaliokota bila kuambiwa. Mtoto alikuwa akilia hata injini ilipowaka. Nilimsikia juu ya ngurumo yake. Tulipita chemchemi. Kwenye kona ya mkuyu uliokatwa niliongeza mafuta, injini ikapandisha ile sauti ya kigelegele, nikaomba, mimi nisiyeomba kwa ajili ya vyuma, na viatu vikashika. Meno yako sitini yakaanza kutupandisha.

Mama akainama. Kwanza niliona midomo tu. Kisha akasema tena kwa nguvu, ili asikike juu ya injini, na sidhani alitaka nisikie mimi.

"Kama ni wewe, Wekesa, umefika. Nyamaza, baba. Umefika."

Mtoto akanyamaza.

Akanyamaza, akafungua macho, akamtazama bibi yake njia yote iliyobaki.

Wekesa, mimi ni mwalimu wa fizikia. Najua kwamba mtetemo wa injini huwatuliza watoto wachanga; nimeliona kwa wanangu mwenyewe. Najua kwamba ile sauti ya juu, isiyopanda wala kushuka, hufunika sauti nyingine zote. Najua kwamba kwa mwendo ule, na kwa mwinuko ule, mtoto alikuwa amelala kwenye pembe ambayo tumbo lenye gesi hupata nafuu. Ningeweza kulieleza jambo hilo kwa kipindi kizima na kubaki na chaki. Mama aligeuka akanitazama, akingoja. Maisha yangu yote amenisikia nikieleza.

Nilitazama barabara.

Tulipofika juu aliteremka mwenyewe. Alimpa Nasimiyu mtoto, akasimama katikati ya uwanja wa kanisa, akapiga ukemi, ule wa mfiwa, ambao hakuupiga ulipopotea, wala wazee walipokuja, wala simu ilipoita. Kwaya ilikuwa imeanza wimbo ndani. Wimbo ulikatika. Wale wanawake walitoka na majoho yao, na hakuna aliyeuliza nani amekufa. Walimzunguka wakalia naye. Alipomaliza alijifuta uso kwa kitambaa, akamwona Nasimiyu amesimama pale, mtoto begani na jiwe mkononi.

"Tupa jiwe," alisema.

Tangu siku hiyo mtoto ananyonya. Anaitwa jina lako. Wazee wanapanga siku ya mgomba na ya kunyoa, na Mama amekubali. Ameuchagua yeye mwenyewe, ule ulioko nyuma ya stoo.

Kwa hiyo nakuandikia kabla ya siku hiyo, hadharani, ili kama uko mahali, umesahau njia au umezuiliwa, ujue. Njoo. Usiogope kwamba jina lina mwenyewe. Sijui desturi inasema nini kuhusu mtu anayerudi akakuta ameitwa, lakini nitawauliza wazee, na wasipojua tutakaa mimi na wewe, tuhesabu, tukate upya. Na kama hupo, basi ulipo pawe tambarare.

Leo alasiri nilikuwa peke yangu na Mama. Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa Kanduyi. Harufu ilikuja. Nilimtazama, alikuwa akimwimbia mtoto, sauti ya pili, na ama hakuisikia au alikuwa ameshamaliza nayo. Hakunyanyuka. Hakuweka kikombe.

Nilikiweka mimi.

Kinapoa hapa mezani ninapoandika.

Yaya wako mkubwa